Swali la Katiba Kwenye Karatasi ya Kura: Mwongozo Kamili kwa Raia Wapya wa Marekani

Ukishakula kiapo cha uraia Marekani, ndugu na marafiki watakueleza habari za rais, za gavana, pengine za seneta. Wachache watakutahadharisha kuhusu maswali yanayokaa mwishoni mwa karatasi ya kura, mara nyingi upande wa nyuma, yenye majina makavu kama Issue 1, Amendment 3 au Proposition 139. Humo ndimo majimbo yanamoamulia mambo yanayogawa watu kanisani, msikitini na mezani: utoaji mimba, ndoa za jinsia moja, bangi, haki ya kupiga kura kwa waliotoka gerezani. Mwakilishi asiyefaa utamwondoa uchaguzi ujao. Kifungu cha katiba kinaweza kukaa hapo hadi wajukuu wako wapige kura.

Wakenya waliopiga kura Agosti 2010 walipewa kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana, na katiba nzima ya kuamua. Mwaka 2005 ilikuwa ndizi na chungwa. Marekani hakuna rangi wala tunda. Unapewa aya ya Kiingereza cha mawakili kuhusu kifungu kimoja tu, na mara nyingi aya hiyo si kifungu chenyewe. Ni muhtasari ulioandikwa na mtu, na mtu huyo huenda ana upande wake. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukufikisha kwenye kifungu chenyewe. Upige kura gani, hilo ni lako.

Kabla ya yote: je, unaruhusiwa?

Hapa sizunguki. Asiye raia hapigi kura hii. Grini kadi haitoshi, hadhi ya mkimbizi haitoshi, kulipa kodi miaka mingi hakutoshi. Ipo miji michache inayowaruhusu wasio raia kupiga kura katika chaguzi za mji, lakini hakuna jimbo linalowaruhusu kwenye swali la katiba yake. Na karatasi hiyo mara nyingi ina rais au wabunge wa Washington pia, kwa hiyo kosa lako linaangukia sheria ya taifa zima. Adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa nchini, au kunyimwa uraia siku utakapouomba.

Mtego huja hata kabla ya uchaguzi. Nje ya supamaketi, maktaba au tamasha la Waafrika, utamkuta kijana mwenye ubao na kalamu: "Unaunga mkono haki za wanawake? Weka sahihi hapa." Au: "Unataka kulinda watoto? Sahihi moja tu." Fomu ile inakufanya utamke kwamba wewe ni mpiga kura. Mezani kwake huenda pana pia fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Kama huna uraia, mshukuru na uendelee na safari. Huna deni lolote kwake.

Kama ni raia uliyeandikishwa, bado usitie sahihi kwa sababu ya sentensi aliyokwambia. Mwombe akuonyeshe maandishi kamili ya pendekezo. Ohio, kwa mfano, yanatakiwa yawemo kwenye kila kijitabu cha sahihi. Wengi wa vijana hawa wanalipwa, na si ajabu wenyewe hawajasoma ukurasa wa pili.

Hatua ya 1: Ni katiba au ni sheria, na limeletwa na nani?

Katika majimbo yote isipokuwa Delaware, katiba ya jimbo haibadilishwi bila kura ya wananchi. Linalotofautiana ni nani anaweza kulileta swali. Kila mahali bunge la jimbo linaweza. Katika karibu nusu ya majimbo, wananchi nao wanaweza kuleta pendekezo kwa kukusanya sahihi, njia iliyoanzia South Dakota mwaka 1898 na kufuatwa na Oregon mwaka 1902. Lakini si majimbo yote hayo yanayowaruhusu kugusa katiba; Maine, kwa mfano, wananchi huleta sheria za kawaida tu.

Kwa hiyo ukiishi Kentucky, Minnesota, Texas au New York na ukaona swali la katiba, ujue limetoka bungeni, kwa wanasiasa, hata kama mabango yanasema "sauti ya wananchi". Ohio, Michigan, Missouri, Florida na Arizona linaweza kutoka upande wowote.

Mfano wa Ohio unaonyesha njia ya wananchi ilivyo ndefu. Kwanza sahihi 1,000 na muhtasari kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kisha bodi ya kura inaamua kama ni jambo moja au ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kisha sahihi zinazofikia asilimia 10 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho, na zitoke katika kaunti zisizopungua 44 kati ya 88. Mwaka 2023 hesabu hiyo ilikuwa sahihi 413,487. Waliopeleka pendekezo la haki ya uzazi walikabidhi zaidi ya laki saba, kwa sababu sahihi nyingi hukataliwa. Na sahihi zikitosha bado karatasi zinaweza kukuangusha: Arkansas mwaka 2024 pendekezo la utoaji mimba lilikufa kwa sababu ya hati za mafunzo ya wakusanyaji wa kulipwa, na mahakama ya juu ya jimbo ikakubaliana na hilo kwa kura 4 dhidi ya 3. Waliofuatilia BBI, mpango wa kubadili katiba ya Kenya, ilivyozimwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Machi 2022 hawatashangaa.

Tofauti ya katiba na sheria ina uzito kuliko inavyoonekana. Novemba 2023 wapiga kura wa Ohio walikuwa na maswali mawili siku moja. Issue 1, haki ya uzazi, ilikuwa ya katiba. Issue 2, bangi, ilikuwa sheria ya kawaida iliyoletwa na wananchi. Yote mawili yalipita kwa takriban asilimia 57. Lakini Issue 2 bunge linaweza kuirekebisha kwa muswada wa kawaida, bila kukuuliza tena. Issue 1 haliwezi kuigusa bila kurudi kwako. Tafuta neno "constitutional" au "constitution" kwenye kichwa cha swali. Lisipokuwepo, umepewa sheria tu.

Hatua ya 2: Tafuta kifungu chenyewe

Hapa ndipo pa kukaa, hata kama una saa moja tu ya kulishughulikia swali zima.

Nenda kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo lako, ndiye msimamizi wa uchaguzi katika majimbo mengi, au ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Tafuta maandishi kamili ya pendekezo, yale yatakayoingia kwenye katiba. Maneno mapya mara nyingi hupigiwa mstari. Yanayofutwa hukatwa mstari katikati. Chapisha. Kisha weka kando yake muhtasari utakaoukuta kwenye karatasi ya kura, ulinganishe.

Chukua tena Issue 1 ya Novemba 2023. Kifungu chenyewe kilitaja maamuzi ya uzazi moja moja: kuzuia mimba, matibabu ya kupata mimba, kuendelea na ujauzito, huduma baada ya mimba kuharibika, na kutoa mimba. Muhtasari ulioandikwa na bodi ya kura, ambayo mwenyekiti wake ni Katibu wa Jimbo, ulitaja kutoa mimba peke yake, na pale kifungu kilipotumia neno la kitabibu la kijusi, wao waliandika "mtoto ambaye hajazaliwa". Walioleta pendekezo walikwenda mahakamani. Mahakama ya juu ya Ohio iliacha karibu kila kitu, ikaagiza kitu kimoja kirekebishwe: muhtasari ulisema pendekezo linawazuia "raia wa jimbo", kumbe linaizuia serikali ya jimbo. Soma tena sentensi hiyo. Mtu aliyesoma muhtasari wa kwanza angedhani kura ile inamfunga mikono yeye mwenyewe.

Unaweza kuwa unapinga utoaji mimba kwa moyo wako wote na bado ukataka kujua unachokipinga kinasema nini. Wanaounga mkono nao wana haja ileile, maana kifungu hicho hicho kiliruhusu jimbo kuzuia utoaji mimba baada ya hatua ambapo mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo, isipokuwa daktari akiona maisha au afya ya mama iko hatarini. Mabango ya pande zote mbili yaliruka sehemu hiyo.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Issue 1 ya 2024 (ndiyo, jina lilelile; Ohio huanza kuhesabu upya) ilitaka kuwanyang'anya wanasiasa kazi ya kuchora maeneo bunge na kuipa tume ya raia 15. Walioileta walisema itakomesha uchoraji wa hila, yaani mipaka kuchorwa ili chama kimoja kishinde. Muhtasari kwenye karatasi ukasema itafuta ulinzi uliopo dhidi ya uchoraji wa hila. Mabango ya Ndiyo na mabango ya Hapana yote yalisema "komesha hila". Iliangushwa, na walikuwepo wapiga kura waliosema baadaye kwamba walidhani wamepigia upande mwingine.

Missouri nako, mwaka 2023, mahakama ililazimika kuandika upya muhtasari wa Katibu wa Jimbo kuhusu mapendekezo ya utoaji mimba kwa sababu uliegemea upande. Usidhani basi kwamba maandishi rasmi ni maandishi ya haki. Ni rasmi, basi.

Kama Kiingereza cha kifungu kinakushinda, mpe watu wawili wasiokubaliana wakutafsirie, kila mmoja kivyake. Mashine ya kutafsiri itakusaidia kupata sura ya jumla, lakini neno dogo kama "shall not" au "unless" likipotea, maana yote imegeuka.

Hatua ya 3: Andika sentensi mbili

Chukua kalamu. Andika: "Ndiyo ikishinda, kesho yake…" kisha "Hapana ikishinda, kesho yake…" Ukishindwa kumaliza sentensi yoyote kati ya hizo, bado hujalielewa swali, na hakuna aibu, rudi hatua ya 2.

Sentensi ya pili ndiyo inayowaponza watu. Wengi huamini Hapana maana yake ni "hakuna kinachobadilika, tuko salama". Florida mwaka 2024, Hapana ilimaanisha kuacha sheria iliyoanza kutumika Mei mosi mwaka huo, inayozuia utoaji mimba baada ya wiki sita. Mwenye kuitaka sheria hiyo alikuwa na sababu ya kupiga Hapana. Asiyeijua kabisa, akapiga Hapana kwa uangalifu tu, aliipigia kura bila habari.

Kuna ugumu mwingine: sheria inayobaki huenda imesimamishwa na jaji. Ohio ilikuwa na sheria yake ya wiki sita tangu 2019, ikatumika miezi michache mwaka 2022, kisha ikazuiwa mahakamani. Siku ya kura ya 2023 haikuwa inatumika, lakini haikuwa imekufa. Kwa hiyo kwenye sentensi yako ya pili andika pia kesi gani inasubiri.

Na usibebe jibu la jimbo moja kulipeleka jingine. Kansas, Agosti 2022, bunge liliuliza kama katiba ibadilishwe iseme kwamba haina haki ya kutoa mimba. Mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imeiona haki hiyo mwaka 2019. Aliyetaka haki ibaki alipiga Hapana, na Hapana ilishinda kwa asilimia 59. Michigan, miezi mitatu baadaye, aliyetaka haki hiyo alipiga Ndiyo. Dada aliye Wichita na kaka aliye Detroit, wenye msimamo mmoja, walitakiwa kutia alama sehemu tofauti. California imefanya hivyo kwa wapiga kura walewale: Ndiyo ya Proposition 8 mwaka 2008 ilipiga marufuku ndoa za jinsia moja, Ndiyo ya Proposition 3 mwaka 2024 ilifuta marufuku hiyo. Ujumbe wa WhatsApp unaosema tu "pigeni Ndiyo", bila jimbo, namba na mwaka, hauna maana.

Hatua ya 4: Jua kizingiti

Kura nyingi si lazima zitoshe. Florida inadai asilimia 60. Mwaka 2024 pendekezo la utoaji mimba lilipata asilimia 57 na ushei, likaanguka. (Sheria yenyewe ya asilimia 60 ilipitishwa mwaka 2006 kwa chini ya asilimia 58, kwa hiyo isingepita kwa kipimo chake yenyewe.) Colorado hudai asilimia 55 kwa kuongeza jambo kwenye katiba. Nevada, pendekezo la wananchi la kubadili katiba lazima lishinde katika chaguzi mbili zinazofuatana. Haki ya kutoa mimba ilishinda mara ya kwanza 2024, ikapangiwa kurudi 2026.

Minnesota ina kanuni ambayo kila Mkenya wa huko aijue: Ndiyo lazima izidi nusu ya watu wote waliopiga kura siku hiyo, si wa swali hilo tu. Ukiacha wazi, umepiga Hapana. Katika jimbo kama Ohio ukiacha wazi, hujapiga chochote.

Nebraska mwaka 2024 iliweka mapendekezo mawili yanayopingana kuhusu utoaji mimba kwenye karatasi moja. Ikitokea hivyo kwenu, fanya sentensi mbili kwa kila swali, na uangalie sheria inasemaje yote mawili yakipita.

Hatua ya 5: Angalia kalenda

Swali zito linaweza kuwekwa siku ambayo watu wamelala. Kura ya Kansas iliwekwa siku ya mchujo wa vyama, na wasio na chama walikuwa na haki ya kupigia swali hilo, ingawa wengi huzoea kutokwenda. Ohio, bunge lilikuwa limetoka tu kufuta sehemu kubwa ya chaguzi za Agosti kwa sababu hakuna anayejitokeza. Kisha likaitisha moja, tarehe 8 Agosti 2023, kuuliza kama mabadiliko ya katiba yaanze kudai asilimia 60 na sahihi kutoka kaunti zote 88. Kila mtu alijua swali la utoaji mimba linakuja Novemba. Watu walijitokeza kwa wingi na kulikataa kwa asilimia 57.

Hatua ya 6: Nani anazungumza, na kwa fedha ya nani

Kamati za kampeni hutakiwa kuandikisha michango yao kwa jimbo, na orodha ziko wazi. Katika kura ile ya Agosti, pande zote mbili zilijaa fedha za kutoka nje ya Ohio. Ballotpedia hukusanya takwimu za wachangiaji kwa kila swali, na vote411.org huweka hoja za pande mbili kwa lugha nyepesi kidogo.

Ujumbe wa simu usio na jina la mtumaji, ufute. Siku moja kabla ya kura ya Kansas, watu walitumiwa ujumbe uliosema Ndiyo itawapa wanawake uhuru wa kuchagua. Ilikuwa kinyume kabisa.

Mchungaji akisema wazi "Hapana kwa Issue 1", wengine hushtuka kwamba kanisa linavunja sheria. Kanuni ya kodi inalikataza kanisa, na msikiti pia, kumpigia debe mgombea. Kwenye swali la kura linaruhusiwa kusema, mradi isiwe sehemu kubwa ya kazi zake. Msikilize kama unavyomsikiliza siku zote, kisha urudi kwenye sentensi zako mbili.

Hatua ya 7: Siku ya kura

Pakua mfano wa karatasi ya kura ya kata yako wiki moja kabla, ujaze nyumbani, uende nao. Karatasi, si simu, maana vituo vingine vinazuia simu ndani ya chumba.

Usitegemee karatasi ya Kiswahili. Sheria ya taifa inazilazimisha baadhi ya kaunti kutoa karatasi za lugha nyingine, lakini ni Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo. Lililomo ni hili: mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, kipofu, au mwenye ulemavu, anaweza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa mwanao, jirani, mtu wa kanisani. Asiwe mwajiri wako, wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Msimamizi akisita, taja kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kwa utulivu, na uombe amwite mkubwa wake. Msaidizi anasoma na kutia alama unapomwambia. Kuamua si kazi yake, na mama mzee aliyekuja na mjukuu ana haki ya kumwambia anyamaze.

Geuza karatasi. Kweli, igeuze. Ukikosea kutia alama, usifute wala kuandika juu. Omba nyingine kabla hujaiingiza kwenye mashine.

Hatua ya 8: Baada ya matokeo

Ushindi wa usiku ule si mwisho. Kwanza kuna siku ya kuanza kutumika: Ohio ni siku 30 baada ya uchaguzi. Kisha sheria za zamani hazijifuti. Mtu lazima aende mahakamani. Sheria ya wiki sita ya Ohio ilitupwa na jaji Oktoba 2024, karibu mwaka mzima baada ya kifungu kupita.

Bunge nalo hujibu. Florida mwaka 2018 wapiga kura karibu asilimia 65 waliwarudishia haki ya kura wengi wa waliomaliza vifungo vyao. Mwaka 2019 bunge likapitisha sheria kwamba kumaliza kifungo ni pamoja na kulipa faini na gharama zote za mahakama, na maelfu kwa maelfu wakabaki nje.

Juu ya katiba ya jimbo ipo ya taifa. Colorado mwaka 1992 ilipitisha kifungu cha kuzuia sheria za kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikibatilisha 1996. Ohio iliandika marufuku ya ndoa za jinsia moja mwaka 2004, na kesi iliyoua marufuku kama hiyo nchi nzima mwaka 2015, ya Jim Obergefell, ilitoka Ohio hiyohiyo.

Na swali linaweza kurudi. Missouri ilipitisha Amendment 3 ya haki ya uzazi Novemba 2024 kwa asilimia 51.6. Miezi michache baadaye bunge likapitisha azimio la kuwauliza wapiga kura Novemba 2026 kama kifungu hicho kifutwe, pamoja na kuzuia matibabu ya kubadili jinsia kwa watoto. Swali hilo la pili nalo likaitwa Amendment 3. Aliyepiga Ndiyo 2024, na bado anataka alichokitaka, safari hii anatia alama kwenye Hapana.